Kikombe Kilekile cha Dawa

Jumamosi moja ya Februari, joto la kaskazi likiwa limeikalia Mbezi Beach, watoto wanne walitoka majini mmoja baada ya mwingine wakifikicha macho. Shemeji yangu, mwenye nyumba, alinusa hewa ya barazani kisha akamwita kijana anayetunza bwawa. "Kaka, leo dawa imezidi. Watoto macho mekundu, harufu inafika mpaka jikoni." Kijana akajibu kwa adabu: "Mama, nimeweka kikombe kilekile cha kila siku." Wakakubaliana kesho aweke nusu kikombe.

Wote wawili walisema kweli kwa kadiri ya walichokiona, na uamuzi wao ulikuwa kinyume kabisa cha kile maji yalichohitaji. Klorini iliyo huru, kwa kiwango kinachofaa kuogelea, haina harufu ya kufika jikoni. Kinachonuka na kuwasha macho ni kloramini, zao la klorini iliyokutana na jasho, mkojo na mafuta ya ngozi ikafungwa nayo. Maji yananuka dawa kwa sababu dawa yenye nguvu imekwisha, na iliyobaki imeshikwa na uchafu. Kupunguza kikombe hapo ni sawa na kumkatia mgonjwa dozi kwa kuwa homa imepanda.

Nilikuwa na kisanduku changu cha kupimia kwenye gari. Klorini huru ilisoma miligramu 0.4 kwa lita. Klorini yote kwa jumla, 1.8. Ukitoa ya kwanza kwenye ya pili unapata 1.4, na hiyo ndiyo kloramini. Haitakiwi kupita 0.4. Kipimo cha pH kilikuja na rangi ya waridi iliyokolea: 8.2. Kijana aliangalia kile kichupa akaniuliza kinauzwa wapi. Ametunza mabwawa kwa miaka sita na hakuna aliyewahi kumnunulia.

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike. Mabwawa mengi ya nyumbani katika pwani yetu yanaharibikiwa huku dawa imejaa stoo. Wenye nyumba tunahesabu ndoo za klorini tulizonunua, tunahesabu yuniti za umeme, tunamhesabu kijana siku alizochelewa, lakini maji yenyewe hatuyapimi.

Tuanze na ukubwa, kwa kuwa hakuna dozi bila ujazo. Bwawa lile lina urefu wa mita 8, upana mita 4 na kina cha wastani mita 1.5. Zidisha: mita za ujazo 48, yaani lita 48,000. Kupandisha klorini kwa miligramu 1 katika kila lita kunataka gramu 48 za klorini. Ile klorini ya unga ya madukani ni haipokloriti ya kalsiamu, na nguvu yake huwa kama asilimia 65, kwa hiyo gramu 48 zinageuka gramu 74 za unga. Hesabu hii ni ya dakika moja na hufanywa mara moja tu katika maisha ya bwawa. Hata hivyo, katika nyumba nilizoingia sijaikuta imeandikwa popote kwenye chumba cha pampu. Ninachokuta ni kikombe: mara kikombe cha plastiki cha chai, mara kopo la maziwa ya unga lililokatwa mdomo. Nacho hakibadiliki, waogelee watu wawili au ishirini, liwake jua au inyeshe masika.

Hata kikombe hicho kingekuwa sahihi, bado lipo jambo linalokipita nguvu. Klorini ikiingia majini hugawanyika sura mbili. Moja ni asidi ya haipoklorasi, ambayo hupenya ganda la kijidudu na kukiua upesi. Ya pili ni ioni ya haipokloriti, dhaifu mno ikilinganishwa na ya kwanza. Mgawanyo huo unaamuliwa na pH. Ikiwa 7.2, karibu theluthi mbili ya klorini yako iko katika sura yenye nguvu. Ikiwa 7.5, ni nusu hivi. Ikifika 8.0 imebaki robo, na 8.5 ni sehemu moja tu katika kumi. Kisanduku cha kupimia klorini hakitakuambia hayo, maana chenyewe kinahesabu sura zote mbili pamoja. Unaweza kusoma klorini nzuri kabisa huku mwani unaota pembeni mwa ngazi.

Wengi huona 7.2 na 8.2 ni namba zinazokaribiana. Mdenmarki Sørensen, aliyeubuni mfumo wa pH huko Copenhagen mwaka 1909, aliupanga kwa kuzidisha kumi: hatua moja ya pH ni mara kumi. Ndiyo maana bwawa linahitaji kushikiliwa kati ya 7.2 na 7.8, mahali penye raha ya macho pia, kwa kuwa chozi la binadamu liko kwenye 7.4 hivi.

Kwa nini basi pH ya mabwawa yetu inapenda kupanda? Jibu liko chini ya miguu yetu. Sehemu kubwa ya pwani hii imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Maji ya kisima cha Unguja, Nyali, Diani au Msasani yamelala ndani ya chokaa hiyo miaka na miaka, yakaichukua. Kila mtu wa pwani anamjua shahidi wake: birika la chai lenye ukoko mweupe chini. Maji hayohayo yakijazwa bwawani huja na ugumu wa kalsiamu na alkali nyingi, na alkali ikizidi inaivuta pH juu kila siku, hasa pale maji yanaporushwa na chemchemi ya mapambo au watoto wanapoyapigapiga. Ndipo unaona mstari mweupe kwenye vigae usawa wa maji, vigae vinakwaruza kama msasa, na mchanga wa filta unashikana mabonge.

Mwaka 1936 mhandisi wa Kimarekani, Wilfred Langelier wa Chuo Kikuu cha California, alichapisha njia ya kukadiria kama maji yataacha chokaa au yataila. Alikuwa anafikiria mabomba ya maji ya mjini, lakini kanuni yake ndiyo inayoongoza mabwawa hadi leo. Maji yana njaa yake. Yakikosa kalsiamu, yataitoa kwenye saruji na sakafu ya bwawa. Yakishiba kupita kiasi, yataitema kwenye kila kinachogusana nayo, na joto huzidisha kutema. Mwongozo wa kawaida ni alkali kati ya miligramu 80 na 120 kwa lita, na ugumu wa kalsiamu kati ya 200 na 400. Mwenye kisima cha matumbawe huanza safari akiwa tayari amepita alama hizo au yuko ukingoni. Anayejaza maji laini ya mvua, au ya mto unaoshuka milimani, anaanza upande wa pili, na tiba zake zitakuwa nyingine kabisa.

Hapo ndipo ushauri wa kuokota njiani unapoumiza. Magadi, yaani ile soda inayovunwa Ziwa Magadi nchini Kenya, hupandisha pH na alkali, na kwa bwawa la maji laini ni msaada wa kweli. Mtu wa Nyali akimsikia ndugu yake wa bara akisifia magadi, akaenda kuyamwaga kwenye maji ya kisima chake, anaongeza chumvi kwenye mchuzi uliokwisha kukolea. Yeye anahitaji asidi. Na asidi humwagwa kidogo kidogo, pampu ikizunguka, kisha unangoja saa chache na kupima tena kabla ya kuongeza.

Kisima kina siri nyingine. Maji mengine hutoka kisimani meupe kama machozi, yakitiwa klorini ya nguvu yanageuka rangi ya chai ya rangi ndani ya nusu saa. Mwenye nyumba anashtuka anadhani ameuziwa dawa bandia. Ni madini ya chuma yaliyokuwa yameyeyuka, klorini imeyafanya kutu. Yanaweza kuchujwa, ila filta itaoshwa mara nyingi siku hizo. Mrututu nao, ambao mafundi wa zamani huutumia kuua mwani, ni shaba. Unaua mwani kweli, lakini shaba hubaki majini, hutia madoa kwenye plasta, na ndiyo inayogeuza nywele zenye rangi hafifu kuwa za kijani. Lawama hubebeshwa klorini.

Sasa nifike mahali ambapo hata mafundi wenye uzoefu hawakubaliani, na ambapo nadhani pwani yetu inahitaji kujifikiria yenyewe badala ya kunakili maelekezo ya kwenye ndoo. Jua letu linaila klorini. Siku ya kaskazi, bwawa la wazi lisilo na kinga linaweza kupoteza karibu klorini yote kabla ya adhuhuri kupita. Kinga ni asidi ya sayanuriki, ambayo mafundi huiita stabilaiza: inaishika klorini kwa wepesi na kuikinga na mionzi. Kiasi cha miligramu 30 hadi 50 kwa lita kinatosha. Tatizo ni kwamba kinga hiyo inaishika klorini hata mbele ya vijidudu, na ikizidi klorini inakuwa kama askari aliyefungwa mikono. Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha Marekani, CDC, hushauri klorini huru isiwe chini ya miligramu 1 kwa lita mahali pasipo na stabilaiza, na isiwe chini ya 2 mahali inapotumika.

Vile vidonge vikubwa vyeupe vinavyoelea kwenye kikapu cha plastiki vina klorini na stabilaiza ndani yake kwa pamoja. Ni rahisi, havihitaji mtu kila siku, na kwa hiyo vinapendwa na nyumba za kupangisha wageni. Lakini kwa kila miligramu 10 za klorini vinazokupa, vinaacha miligramu 6 za stabilaiza. Chukua bwawa linalotumia miligramu 2 za klorini kwa siku: stabilaiza inapanda 1.2 kila siku, 36 kwa mwezi. Ndani ya miezi mitatu umevuka 100, na stabilaiza hailiwi na jua wala haichujwi na mchanga. Maji yanayovukizwa yanaondoka, yenyewe inabaki. Mwani unaota, kipimo kinasoma klorini 3, fundi anaongeza vidonge, na vidonge vinaongeza kile kile kinachomshinda.

Dawa yake pekee ya uhakika nyumbani ni kubadilisha maji. Kushusha stabilaiza kutoka 120 hadi 40 ni kumwaga theluthi mbili ya bwawa: lita 32,000 kwa bwawa la shemeji yangu, zaidi ya maboza matatu ya lita 10,000. Hapa sioni haya kusema wazi kwamba jambo linaniuma. Oktoba 2022, maji ya mto Ruvu yaliposhuka, DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, ilitangaza mgao, na watu wa jiji hili walilala foleni na madumu. Bwawa la kujifurahisha linalomwagwa kila baada ya miezi michache kwa sababu hakuna aliyesoma namba moja ni deni ambalo mwenye nyumba anawakopea majirani zake.

Basi tumwambie atumie klorini ya unga? Hiyo haina stabilaiza, lakini imebeba kalsiamu: kila miligramu 10 za klorini yake huacha takriban 7 za ugumu, tena juu ya maji ambayo yamekwisha kushiba chokaa. Klorini ya maji, ndugu mkubwa wa ile ya kufulia nguo, haiachi chokaa wala stabilaiza, huacha chumvi kidogo tu. Kwa kemia peke yake ningeichagua hiyo kwa kisima cha matumbawe bila kusita. Ila joto na mwanga huidhoofisha, na dumu lililokaa mwezi mzima juani mbele ya duka linaweza kuwa limepoteza nguvu nyingi kabla hujalilipia. Hakuna klorini isiyoacha kitu nyuma. Ninachokifanya mimi ni kutia stabilaiza mara moja hadi 30 au 40, kisha kuendesha bwawa kwa klorini ya maji nikipata iliyotoka kiwandani karibuni, na kwa unga nisipoipata. Vidonge nawawekea wanaosafiri wiki moja.

Wengine wanakimbilia bwawa la chumvi wakiamini kwamba limeachana na klorini. Mashine yake huipasua chumvi kwa umeme ikatengeneza klorini hapohapo. Chumvi inayotakiwa ni kama gramu 3 hadi 4 kwa lita, mbali sana na bahari yenye gramu 35. Maji yake ni matamu kwa ngozi, sikatai. Lakini mashine hiyo huipandisha pH bila kupumzika, na bamba zake hukusanya chokaa upesi, kwa hiyo juu ya matumbawe inadai usimamizi zaidi.

Kemia inaweza kunyooka na maji yakabaki na ukungu, na hapo mhusika ni pampu na filta. Pampu ya kilowati 0.75 ikizunguka saa 8 inakula yuniti 6 za umeme wa LUKU, na najua kwa nini wengi huizima baada ya saa mbili. Maji ya joto yaliyosimama ni shamba la mwani. Yakizungushwa mchana, wakati jua linaila klorini na watu wanaogelea, kila saa ya pampu inafanya kazi. Filta ya mchanga huoshwa kwa kugeuza mkondo pale geji inapopanda nusu bari hivi juu ya kiwango chake cha usafi, na si kila asubuhi kwa mazoea. Mchanga uliochafuka kidogo huchuja vizuri kuliko uliooshwa sasa hivi, na kila uoshaji unamwaga mamia ya lita. Maji yakiwa na vumbi laini lisiloshikika, shabu ileile ya bibi zetu ya kutulizia maji ya mtungi inafaa: mwaga jioni, zima pampu, asubuhi utakuta tope limelala chini. Tope hilo livutwe moja kwa moja hadi nje. Likipitishwa kwenye filta litaiziba.

Ukungu majini ni hatari kuliko uchafu wake. Usipoliona tundu la kutolea maji lililo chini kabisa, hutamwona mtoto aliyezama. Mtu yeyote afunge bwawa siku hiyo, wageni wawepo wasiwepo.

Hata maji yanayong'aa yana mipaka. Bakteria wa kuhara wa aina ya E. koli hufa chini ya dakika moja kwenye klorini na pH sahihi. Kriptosporidiamu, kimelea kinachosababisha kuhara, huishi humo zaidi ya siku saba. Kwa hiyo mtoto anayeharisha asiingie, na asiingie hata wiki mbili baada ya kupona ikiwa daktari alikitaja kimelea hicho. Kuoga kwa maji na sabuni kabla ya kuingia kunaonekana adabu ndogo, lakini ndiko kunakopunguza kloramini kuliko dawa yoyote.

Nimekawia kufika kwenye jambo linalonitia hofu kubwa: stoo. Unga na vidonge vyote vinaitwa klorini, vyote vyeupe, vyote huja kwenye ndoo za plastiki. Vikichanganywa, hasa kukiwa na unyevu kidogo, vinaweza kuwaka moto na kulipuka. Nimeona kijana akichota unga kwa kikombe kilekile alichotoka kushikia vidonge vilivyovunjika. Nimeona dumu la asidi limekaa rafu ya juu na klorini chini yake. Asidi ikidondokea klorini hutoa gesi ileile iliyotumiwa na Wajerumani kuwaua askari huko Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Kila dawa na chombo chake, na rafu yake. Dawa iingie kwenye maji, kamwe maji yasimwagwe juu ya dawa. Kijana apewe glavu, miwani ya kukinga macho na viatu vilivyofunika vidole, na vinunuliwe na mwenye nyumba. Mtu anayelipa fundi wa vigae kutoka mbali anashindwaje kununua miwani?

Turudi Mbezi Beach. Jioni ile tulianza na asidi, kwa kuwa klorini kwenye pH 8.2 ingekuwa pesa iliyotupwa. Tulipopima tena saa mbili usiku ilikuwa 7.5. Kuvunja kloramini kunataka klorini mara kumi ya kiasi chake, yaani miligramu 14 kwa lita. Mara gramu 74, kilo moja na kidogo ya unga. Kijana aliupima kwenye mizani ya jikoni juu ya mfuko wa nailoni, akauyeyusha kwenye ndoo za maji moja baada ya nyingine na kuumwaga akizunguka ukingo wote, jua likiwa limezama ili lisimnyang'anye. Asubuhi harufu ilikuwa imekwisha. Klorini huru ilisoma 7, kloramini 0.2. Watoto walinuna kwa kuambiwa wangoje hadi ishuke chini ya 4, wakarudi majini Jumatatu jioni na macho meupe.

Kisanduku nilimwachia. Shemeji akatundika daftari la shule kwenye msumari wa chumba cha pampu: tarehe, saa, klorini, pH, idadi ya waogeleaji, alichotia. Wiki ya tatu kijana alinipigia simu alfajiri. "Kaka, samahani kwa kukuamsha. Jana niliiacha 7.4, leo 7.9. Mvua hakuna, hakuna aliyeogelea, na klorini imeshuka nusu wakati usiku hakuna jua. Nadhani kuna maji mageni humu." Shemeji alipoulizwa alishika kichwa. Usiku alikuwa amefungulia bomba la kisima ajazie kidogo, akapitiwa na usingizi.